Masomo ya Jioni Kuhusu Kanisa la Mwanzo, Moshi Mjini

Masomo haya ya jioni, yanayotolewa katika ukumbi wa kanisa hapa Moshi mjini, yana sifa moja kubwa: mwalimu husoma kwanza maandishi ya watawala wenyewe, ndipo azungumzie mateso. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba Dola la Kirumi liliwasaka Wakristo bila kupumzika tangu Kaisari Nero, mwaka 64, hadi Kaisari Konstantino. Nyaraka zinaonyesha jambo gumu zaidi kuliko hilo.

Kipindi bora kilihusu barua ambayo Plinius Mdogo, liwali wa Bithinia na Ponto (kaskazini mwa Uturuki ya leo), alimwandikia Kaisari Trajan karibu na mwaka 112. Plinius aliwauliza washtakiwa mara tatu kama ni Wakristo. Waliong'ang'ania aliamuru wauawe, na waliokana aliwaachia baada ya kufukiza ubani mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristo. Trajan alimjibu kwamba wasitafutwe, na kwamba mashtaka yasiyo na jina yasipokelewe. Mwalimu alitusomesha barua zote mbili kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na alipofika kwa wale wanawake wawili watumwa, wahudumu wa kanisa, ambao Plinius aliwatesa ili apate ukweli, ukumbi mzima ulinyamaza.

Alieleza vizuri vilevile amri ya Kaisari Decius ya mwaka 250, iliyomtaka kila mtu atoe sadaka kwa miungu na kupewa hati yenye mashahidi, mfano wa barua ya mtendaji wa kata. Makumi ya hati hizo yamepatikana Misri, na mwalimu alileta nakala ya mojawapo.

Kasoro ipo, nami naona ni kubwa. Karthago, alikouawa Perpetua, mama kijana Mkristo, mwaka 203 na askofu Cyprian mwaka 258, ilipitiwa haraka mno, ilhali ni huko Afrika Kaskazini ambako mjadala wa kuwapokea tena waliokana imani ulikuwa mkali sana. Aidha, mshiriki mmoja aliuliza kwa nini imani iliyoenea Roma miongoni mwa watawaliwa, pasipo jeshi, ilifika Machame mwaka 1893 wakati Wajerumani wakiwa wameshaanza kututawala. Swali hilo lilistahili jioni nzima. Lilijibiwa kwa dakika chache.

Kuhusu Konstantino, hata hivyo, maelezo yalikuwa makini: makubaliano ya Milano ya mwaka 313 yaliruhusu dini zote, na ni amri ya Kaisari Theodosius, mwaka 380, iliyoufanya Ukristo wa Nikea, yaani ule uliofuata imani ya mtaguso wa Nikea, kuwa dini ya dola.

Ada ni nafuu na nakala zinasomeka. Wanaotoka Himo waombe masomo yaanze mapema, kwa kuwa maswali mazuri huulizwa mwishoni, wakati wao wameshaondoka kuwahi daladala.