Saksafoni za sauti ya chini kabisa: besi, kontrabesi au Tubax?

Anayetaka saksafoni iliyo chini ya baritoni hana soko pana la kuzunguka. Za kulinganisha ni tatu: besi ya B-flati, kontrabesi ya E-flati yenye umbo kamili, na Tubax, kontrabesi yenye mrija uliokunjwa mara nyingi, iliyobuniwa na Benedikt Eppelsheim wa Munich, Ujerumani, mwaka 1999. Tuseme mapema: kwa vikundi vingi jibu ni besi. Hizo mbili nyingine ni ala nzuri, ila kila moja ina kazi yake, na si kweli kwamba Tubax ni kontrabesi ileile iliyopunguzwa kimo.

Tuanze na noti zenyewe. Baritoni yenye kitufe cha A ya chini inafika mitetemo 65 kwa sekunde. Besi inashuka hadi 52, kontrabesi hadi 34.6. Tubax ya E-flati ina A ya chini, kwa hiyo inaongeza nusu-toni moja na kufika 32.7. Gitaa la besi la nyuzi nne linaishia 41 na piano 27.5, maana yake kontrabesi inapita chini ya gitaa la besi kwa nusu-toni tatu. Vidole havibadiliki: anayejua alto anaishika kontrabesi na kusoma noti zilezile, ila sauti inatoka oktava mbili kamili chini ya alto. Hii ndiyo faida kubwa ya familia aliyoipatia hataza Adolphe Sax jijini Paris mwaka 1846. Mpigaji wa tuba au basuni hajifunzi upya kwa siku chache. Mpiga baritoni anayehamia besi hujifunza zaidi pumzi na mdomo kuliko vidole.

Lakini namba hizo zinadanganya kidogo. Sikio la binadamu ni zito sana kwenye mitetemo 35. Tunachosikia hasa ni mitetemo inayoandamana na ule mkuu, yaani 70, 105, 140 na kuendelea, na ubongo unajijazia noti ya chini. Kwa hiyo tofauti kati ya kontrabesi kamili na Tubax haimo kwenye kushuka bali kwenye upana wa mrija. Kontrabesi ina mrija mpana unaopanuka upesi, kama zilivyo saksafoni zote, na sauti yake ni nene na ya mviringo. Tubax ina mrija mwembamba zaidi. Sauti inakuwa kali, yenye mkwaruzo, inakaribia sarusofoni, ala ya shaba ya ridi (ulimi mwembamba unaotetemeka mpigaji anapopuliza) iliyopewa hataza Ufaransa mwaka 1856. Katika kundi la saksafoni tupu, kontrabesi inazikumbatia zote. Tubax inajitenga na kusikika peke yake. Kwa muziki wa jazi wa watu wachache, huko kujitenga ni faida. Kwa kwaya ya saksafoni, si faida.

Kwa upande wa matumizi Tubax inashinda bila ubishi. Urefu wake haupiti sana baritoni, mtu mmoja anaibeba, na ile ya E-flati inapokea mdomo (kipande cha kupulizia) na ridi za baritoni ambazo duka lolote la maana la ala linazo. Kontrabesi kamili inakaribia mita 2 na kilo 20. Haipigwi bila stendi, haipiti kila mlango ikiwa ndani ya kasha, na mdomo wake ukivunjika unasubiri kwa muda mrefu. Eppelsheim aliitengeneza kontrabesi kamili pia. J'Elle Stainer wa São Paulo, Brazili, wanatengeneza kontrabesi ya umbo fupi.

Kuna jambo ambalo watunzi wengi wanalisahau: muda. Mzunguko mmoja wa mtetemo wa 34.6 unachukua milisekunde 29. Noti ikihitaji mizunguko mitano tu ili itulie, zimepita milisekunde 145. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, noti ya robo ya pigo inadumu milisekunde 125. Yaani imekwisha kabla haijaanza. Ukiandika vifungu vya haraka kwenye oktava ya chini ya kontrabesi utapata mngurumo usio na noti, na lawama haiko kwa mpigaji. Andika noti ndefu, au pandisha vifungu vya haraka oktava moja. Na acha nafasi za kupumua. Hewa inaisha haraka.

Besi haina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Ndiyo maana Adrian Rollini aliweza kuitumia kama ala ya kuongoza, si ya kusindikiza tu, kwenye bendi za Marekani za miaka ya 1920, na leo Colin Stetson anajaza ukumbi mzima nayo akiwa peke yake.

Na ala nyingine je? Klarineti ya kontrabesi ndiyo mshindani halisi, na kwa bei na uzito mara nyingi inaishinda kontrabesi. Mrija wake hautanuki, umefungwa upande mmoja, kwa hiyo unahitaji takriban nusu ya urefu kwa noti ileile. Ni nyepesi, inaanza noti kwa unyamavu kuliko ala yoyote ya kundi hili, lakini haina nguvu ya kupambana na ngoma na tarumbeta. Tuba inazo nguvu, ina mwanzo wa noti ulio safi, ila haina ule ukali wa ridi unaolifanya sikio litambue sauti ya chini inatembea wapi. Bendi ya shaba ya barabarani isihangaike: sousafoni, yaani tuba ya kuvaliwa, imefungwa mwilini na haiogopi mvua, wakati pedi za ngozi zinazoziba matundu ya saksafoni zinaiogopa sana. Kontrabasuni inashuka hadi 29, lakini nje ya okestra inamezwa.

Ukinunua besi iliyotumika, hasa za Marekani za Conn au Buescher za mwanzoni mwa karne ya 20, angalia kwanza mhuri. Herufi L au maneno "Low Pitch" ndiyo unayoyataka. H au "High Pitch" ina maana ilitengenezwa kwa noti A ya mitetemo takriban 457 badala ya 440, na hakuna fundi wa kuirekebisha: kuvuta mdomo nje hakutoshi kwa sababu matundu yenyewe yamekaa mahali pengine. Bei yake ya chini ina sababu.

Kisha ingiza taa ndefu ndani ya mrija, chumba kiwe giza, na bonyeza vitufe kwa nguvu ya kawaida ya kidole. Mwanga ukitoka pembeni ya pedi, hewa inavuja. Pedi ya chini kabisa ni pana kama sahani ya chai, na vyuma virefu vinavyoiendesha vinapinda kwa kuegeshwa vibaya tu. Noti ya chini ikirukia oktava ya juu, watu hukimbilia kubadilisha pedi ya chini. Mara nyingi mkosaji yuko juu: pedi ya G-shapu, au kiungo cha shingo kilicholegea. Ziba mwisho wa shingo kwa kiganja, puliza, usikilize. Kama hakuna panapovuja na bado B na B-flati zinatetemeka, shida ni mdomo wenye nafasi ndogo ndani. Jaribu mwingine kabla ya kulipa fundi.

Maji hukusanyika kwenye mikunjo. Ala isiyo na vali ya kuyatoa inalazimu kupinduliwa, na kupindua kilo 20 si kazi ya katikati ya wimbo.

Kuhusu subkontrabesi ya B-flati, iliyo chini zaidi ya kontrabesi na inayofika mitetemo 26: Sax aliitaja kwenye hataza lakini haikupatikana ya kupigika mpaka karne hii. Ni ala ya maonyesho. Usiinunue.

Jukwaani, mwambie fundi sauti azime kichujio cha sauti za chini kwenye mikseri. Kwa kawaida kinakata chini ya mitetemo 80 au 100, yaani kinaondoa ulichokilipia. Mikrofoni isikae kwenye uwazi mpana wa mwisho wa mrija: huko zinatoka noti mbili tatu za chini tu, nyingine zinatoka kwenye matundu. Iweke umbali wa mita moja, ielekee katikati ya mrija, na kama jukwaa lina kelele ongeza ya pili karibu na matundu ya juu.