Tabor Opera House, Leadville: fremu chini, Oscar Wilde juu

Wengi wanaotoka Denver kwenda Leadville, mji wa milimani jimboni Colorado, Marekani, wanafuata theluji. Mimi nilifuata jengo la matofali la ghorofa tatu, Harrison Avenue, barabara kuu ya mji. Simama kwanza ng'ambo ya barabara ulitazame. Utaona limejengwa na mtu mwenye akili ya duka: chini fremu za biashara zenye vioo vipana, juu yake ndipo ukumbi wa maonyesho. Sifa zote zimekwenda kwa opera, lakini kodi ilitoka chini.

Mwenyewe, Horace Tabor, alikuwa na duka hapohapo mjini. Mwaka 1878 aliwapa wachimbaji wawili, August Rische na George Hook, chakula na zana, wakikubaliana kwamba theluthi ya watakachopata ni yake. Watu wa Mererani hawahitaji kuelezwa biashara ya namna hiyo. Jamaa wakayaangukia madini ya fedha, mgodi ukaitwa Little Pittsburg, na mwaka uliofuata Tabor akajenga. Inasimuliwa kuwa jengo lilichukua siku kama 100 tu. Lilifunguliwa Novemba 20, 1879. Reli ilifika Leadville 1880, kwa hiyo kila kilichotoka mbali kilipandishwa milimani kwa magari ya kukokotwa na wanyama, hadi kwenye mji ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Mimi nilihema kwa kupanda ngazi za ukumbi mikono mitupu.

Ukumbini ndipo nilipokaa muda mrefu. Siyo mkubwa kama jina lake, na hilo nililipenda: jukwaa liko karibu, unajua kabisa mchimba madini wa kiti cha nyuma alimwona msanii usoni. Oscar Wilde, mwandishi maarufu wa Ireland, alihutubia hapa Aprili 1882, akawasimulia wachimbaji habari za Cellini, mfua fedha wa Italia. Kwa maelezo yake mwenyewe, walimuuliza kwa nini hakuja naye; alipowajibu kwamba amekufa, wakataka kujua nani alimpiga risasi. Jengo pia lina hazina ya mandhari za jukwaani zilizochorwa kwa mkono, zilizokaa darini miaka mingi. Kwangu hizo zina thamani kuliko hadithi za mapenzi ya Tabor na Baby Doe, mke wake wa pili, ambazo kila mgeni huja akiziulizia.

Mwaka 1893 bei ya madini ya fedha iliporomoka, na utajiri wa Tabor ukaenda nayo. Alifariki 1899 akiwa mkuu wa posta Denver. Elks, chama cha udugu cha Wamarekani, kilinunua jengo 1901, na mwaka 1955 likachukuliwa na Florence Hollister, mwalimu mstaafu. Binti yake Evelyn Furman akalitunza kwa miongo. Tangu 2018 ni mali ya mji.

Ushauri: nendeni kiangazi, chukueni koti hata kama Denver kuna joto, na mnywe maji mengi kabla ya kufika. Anayetaka dhahabu na vinyago kila ukuta atachoka mapema. Anayependa kujua jengo lililipiwaje na limeponaje, hapa atafurahi. Jengo nalipatia nyota nne; ya tano nitaitoa ukarabati ukimalizika na nikikaa pale kutazama onyesho zima.