Sipi na mbwa: uzoefu wangu katika nyumba ya wageni iliyompokea Soja

Wanaouliza kama mimi na mbwa wangu Soja tulifika Wagagai, kilele cha juu cha Mlima Elgon, jibu ni hapana. Kilele hicho cha mita 4,321 kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, na hifadhini mbwa haruhusiwi. Hifadhi za Rwenzori ni vivyo hivyo, Mgahinga kadhalika. Mimi sina ugomvi na sheria hiyo. Mwaka 1994 kule Serengeti, maradhi ya mbwa yaitwayo distempa yaliua karibu theluthi ya simba wote, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuyaleta. Basi kwa sisi wenye mbwa, likizo ya mlimani Uganda ni kukaa miteremko ya chini, nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye migomba na kahawa za watu. Ndiyo maana tulichagua Sipi, penye maporomoko ya maji, wilaya ya Kapchorwa.

Usafiri nausema kwa ufupi. Kwenye teksi za abiria usijisumbue. Kondakta akikubali, abiria watakataa. Tulikodi gari, dereva akataka turubai kiti cha nyuma, tukapita Jinja, Iganga na barabara ya Tirinyi hadi Mbale. Soja hakupewa chakula asubuhi ile, na kona za kupanda kutoka Mbale alizimaliza salama.

Nyumba yenyewe ni ya familia, vyumba vichache, bustani inatazama bonde. Mama mwenye nyumba ni Mwislamu, na nilipompigia simu alinipa masharti yake bila kuzunguka. Mbwa asiingie jikoni wala sebuleni. Chombo cha watu asikiguse. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa atakiona kwa macho yake kabla hatujashusha mizigo. "Akilala chumbani kwako sina neno, mwanangu, lakini blanketi aje nalo." Nililipa shilingi 90,000 za Uganda kwa chumba na 10,000 za mbwa.

Kuna watakaoona masharti hayo ni mengi. Mimi niliyapenda. Upande wa magharibi wa nchi tumewahi kufikia mahali palipotangaza kwamba wanyama wanakaribishwa, tulipofika tukaambiwa mbwa atafungwa mnyororo getini pamoja na askari usiku kucha. Mwenye nyumba wa Sipi hajifanyi mpenzi wa mbwa, hakumshika Soja hata mara moja, lakini kila alichoahidi kwenye simu tulikikuta. Jioni alimtuma kijana sokoni kuleta mukene, yaani dagaa, akaichemsha kwenye sufuria kuukuu iliyotengwa, posho (ugali) kando. Hakutia chumvi wala kitunguu. Nilitaka kumweleza kwamba kitunguu ni sumu kwa mbwa, nikakuta anajua.

Baridi ya usiku ijiandalie. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi, aliyezoea joto la Kampala, atatetemeka. Soja aliongezewa gunia la kahawa juu ya blanketi lake, na asubuhi hakutaka kulitoka.

Sasa matembezi, ambako ndiko pesa yangu ilikofanya kazi. Mwongozaji alitafutwa na mama, kijana wa pale pale. Njia za kwenda kwenye maporomoko hupita katikati ya mashamba na nyua za watu, na karibu kila boma lina mbwa wake wa ulinzi, mbuzi wamefungwa kamba, kuku wanazurura. Kijana alitangulia hatua kadhaa akiita kwa Kupsabiny, lugha ya wenyeji, akigeuka kwetu anasema Kiswahili: hapa ngojeni, hapa piteni upesi, hapa mzee hapendi mbwa tuzunguke. Watoto walitufuata wakiuliza, "Anauma?" Naye anawajibu, "Wezi tu!" Bila yeye tungekuwa na vita vya mbwa kila boma.

Kwenye poromoko kubwa, lile la karibu mita 100, ule mvuke wa maji ulimpiga Soja usoni akarudi nyuma akibweka. Akauzoea, akajilaza kwenye majani mabichi. Tatizo ni kutoka bondeni. Njia ya kuzungukia juu ina ngazi ya kupanda mwamba, na mbwa mzima hapandi ngazi. Kijana alijitolea kumbeba mgongoni kwa leso. Nikakataa, mbwa wa kilo ishirini na ushee akishtuka katikati ya ngazi mnaanguka wote. Tukarudi kwa njia tuliyoshukia, na poromoko la juu tukaliendea siku nyingine kwa barabara. Kwa hiyo mwambie mwongozaji mapema kwamba ngazi hamtapita, apange njia nyingine.

Kamba usiifungue barabarani alfajiri. Hii ndiyo wilaya ya Cheptegei na Kiprotich, wale wakimbiaji mashuhuri wa Uganda, na vijana wanaofanya mazoezi hupita kwa makundi kabla jua halijapanda. Soja, ambaye nyumbani hukimbiza boda, aliona riziki yake imefika. Nilivutwa hadi bega likauma, na wale wakimbiaji wakacheka wakaenda zao.

Kupe wapo, maana njia ni zile zile za ng'ombe. Tulimpaka dawa kabla ya safari, na kila jioni nilimpekua masikioni, kwapani na kati ya vidole. Dawa zako zibebe: daktari wa mifugo niliyeelekezwa pale kazi yake kubwa ni ng'ombe. Mvua za Machi hadi Mei nazo ziepuke. Udongo ule mwekundu ukilowa, mwenye miguu minne na mwenye miwili wote huteleza.

Naipa nyumba hii nyota nne. Ya tano imezuiwa na ua: una mianya mikubwa, na kuku wa jirani huingia kama kwao, hivyo mbwa hawezi kuachwa bustanini hata wakati unaoga. Mama anasema michongoma imeshapandwa, na itaziba ikiwa mbuzi wa jirani huyo huyo wataiacha ikue.