Uzoefu wangu na mwalimu wa nyumbani wa darasa la pili, Lubumbashi

Binti yangu yuko darasa la pili, shule ya binafsi inayofundisha kwa Kifaransa tangu mwanzo, na nyumbani kwetu ni Kiswahili tu. Tangu shule zifunguliwe Septemba anakuja kumfundisha kijana mmoja anayesomea ualimu, mara tatu kwa wiki, saa kumi alasiri. Nampa nyota nne kati ya tano.

Nyota hizo ni kwa sababu anakuja akijua anachokuja kufanya. Siku ya kwanza hakufundisha. Aliomba madaftari yote akayapekua ukurasa kwa ukurasa. Kwenye hesabu akakuta 52 kutoa 27, jibu 35, limepigwa wino mwekundu basi. Akaniambia, "Mama, huyu hakukisia. Anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, hata kama ndogo ndiyo iko juu." Kweli: kwa kuwa mbili haitoshi kutoa saba, mtoto alikuwa anageuza, saba kutoa mbili.

Kipindi kilichofuata kikawa cha kosa hilo peke yake. Alikuja na njiti za ufagio zimefungwa kwa raba kumi kumi. Akaweka mezani mafungu matano na njiti mbili pembeni. "Nipe ishirini na saba, anza na zile saba." Mtoto akazitazama zile mbili, akanitazama mimi, halafu akavuta raba ya fungu moja mwenyewe. Daftari lilifunguliwa baada ya hapo, na jibu likawa 25 bila mtu kumnong'oneza.

Kipindi ni dakika arobaini, hazizidi. Anaanza na kitu ambacho mtoto anakiweza tayari, kisha jambo moja jipya, kisha kusoma kwa kupokezana, mstari wake, mstari wa mtoto. Anaeleza kwa Kiswahili, mtoto anarudia kwa Kifaransa. Kazi ya nyumbani ya shule huja mwisho, na hamfanyii. Baba watoto alilalamika: pesa yote hiyo kwa dakika arobaini? Lakini mtoto aliyekaa darasani tangu asubuhi, masaa mawili mengine utampata mwili tu pale mezani. Tulishapitia kituo kimoja cha mtaani cha namna hiyo, madarasa yote benchi moja, mwalimu anaandika majibu ubaoni watoto wananakili. Kazi ilirudi nyumbani safi kabisa, na kesho yake shuleni hajui kitu.

Kasoro zipo. Mvua ikinyesha anachelewa na simu hapigi, na kuanzia Novemba hapa kwetu mvua si jambo la kushtukiza. Imla ya Kifaransa anaifanya mara chache mno, nimeshamwambia. Mdogo wa binti yangu, wa chekechea, mwalimu hakubali kumweka meza moja na dada yake, anasema kila mmoja ana mpango wake, maana yake nilipe mara mbili. Halafu malipo ni kwa dola, na noti yenye mpasuko hata mdogo inarudi mkononi mwako.

Mwenye mtoto wa darasa la sita anayejiandaa kwa mtihani wa taifa atafute mwingine. Huyu mwenyewe husema wazi kwamba anawaweza wadogo tu.