Boya la Kuvulia Trauti: Tazama Tundu Kabla ya Rangi

Malalamiko ya wasomaji kuhusu maboya ya kuvulia kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa ifanane na mdudu, yanafanana mno. Boya limeteleza, nzi akabadilisha kina bila mvuvi kujua. Boya limegoma kuachia, samaki akabaki mita tatu kutoka kwenye wavu. Uzi umekatika palepale boya lilipobana, wakati fundo liko salama kabisa. Ukiuliza boya lilichaguliwa vipi, unaambiwa rangi na ukubwa. Tundu halikutazamwa na mtu.

Basi maboya yote hapa chini nimeyapanga kwa tundu: uzi unapita wapi, unabanwa na nini, na unaachiwaje. Rangi nitaisema kwa sentensi moja. Nunua lenye rangi mbili, nusu nyeupe na nusu chungwa, ili likilala ubavu ulione. Ukubwa nao ni mdogo kuliko unavyodhani. Funga nzi wako mzito kabisa pamoja na swiveli (kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka), tumbukiza kwenye ndoo ya maji, kisha uchukue boya dogo kuliko yote linalobaki juu. Boya likizidi ukubwa, samaki analisikia kabla wewe hujaona chochote.

Ninaandika nikifikiria maji yaliyotulia ya nyanda za juu, maziwa kama Rutundu na Alice ya Mlima Kenya, ambako trauti wa upinde wa mvua wanakula zaidi wadudu wadogo wa majini. Chakula chao kikubwa ni buluu (pupa, hatua ya mdudu kabla ya kuota mabawa) wa mbu wasiouma, jamaa za wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Viktoria. Buluu huyu ananing'inia majini karibu bila kusogea, akipanda taratibu mno. Trauti hana haja ya kumkimbiza. Anamvuta ndani ya kinywa, akihisi ndoana anamtema, na yote hayo yanaweza kuisha bila mkono wako kusikia kitu. Hapo ndipo boya linapohitajika. Kwanza linamshika nzi kwenye kina kimoja muda wote. Pili linakuonyesha mguso ambao fimbo haiwezi kuuleta mkononi. Ufundi huu ulikomaa kwenye maziwa ya British Columbia, Kanada, na watu kama Brian Chan na Phil Rowley wameufundisha kwa miaka mingi.

Kabla ya kununua, jua kina cha ziwa lako, kwa sababu ndicho kinachoamua aina ya boya. Fimbo ya futi 9 ina mita 2.7. Boya lililofungwa palepale uzini haliwezi kupita kwenye pete ya ncha ya fimbo. Kwa hiyo likiwa mita 2.5 juu ya nzi, boya linafika kwenye pete, unainua fimbo nyuma yako, na samaki anafika karibu na mkono. Likiwa mita 4 juu ya nzi, boya linagota kwenye pete na samaki bado yuko mbali na wavu, wewe umesimama mikono juu huna la kufanya. Hapo samaki wakubwa ndipo wanapopotea. Kina kikizidi urefu wa fimbo, unahitaji boya linaloachia uzi lenyewe samaki anaponasa. Kikiwa chini ya hapo, hulihitaji.

Nafasi ya kwanza: boya la kijiti

Hili ni boya la povu au la mbao laini, lenye mrija katikati na kijiti chenye tundu kinachochomekwa kwenye mrija huo. Uzi unapita ndani ya kijiti na ndani ya boya, kwa hiyo hata kijiti kikichomoka hakipotei. Samaki akinasa, uzi unakazwa pande zote mbili, kijiti kinaruka, na boya linateleza kwa uhuru hadi kwenye swiveli karibu na nzi. Unavuta uzi wote hadi samaki afike.

Linafungwa hivi. Pitisha uzi kwenye kijiti kwanza, halafu kwenye boya, kijiti kikielekea upande wa fimbo. Fika kwenye kina unachotaka, lowesha uzi, kisha acha kitanzi kidogo cha milimita 5 hadi 10 kati ya kijiti na boya. Sukuma kijiti ndani huku kitanzi kikibaki kimechungulia pembeni. Sasa shika uzi juu na chini ya boya, uvute kwa ghafla. Kijiti kinatakiwa kiruke. Kisiporuka, umekikandamiza mno. Kikiruka kwa mvuto mlaini, kitaruka pia unaporusha, na boya litakimbilia kwenye nzi.

Sasa tundu lenyewe. Maboya mengi ya kijiti yana mrija wa plastiki ya kumiminwa, na mdomo wa mrija mara nyingi unabaki na ukingo mkali, mwembamba kiasi kwamba jicho halioni. Uzi wa florokaboni ukibanwa juu ya ukingo huo na kuvutwa na samaki, unachanika upande mmoja. Huenda usikatike siku hiyo. Unakatika siku inayofuata, mahali pasipo na fundo, na mvuvi anamlaumu mtengenezaji wa uzi. Kuukagua ni rahisi: chukua uzi mwembamba wa soksi ya nailoni, upitishe kwenye mrija na kwenye kijiti, uuzungushe ukigusa ukingo wote. Ukinasa mahali, pana ncha. Kunja kipande cha msasa laini wa namba 1000 au zaidi kiwe kama kalamu, zungusha mara chache mdomoni mwa mrija, osha, pima tena. Dukani muuzaji akikataa usifanye jaribio hili, rudisha boya kwenye rafu.

Ubaya wa pili wa tundu ni kipimo. Kijiti kilichochongwa kwa uzi wa milimita 0.20 hakibani vizuri uzi wa 0.15. Boya linashuka sentimita chache kila unaporusha, nzi naye anapanda juu ya samaki kidogo kidogo, na hakuna dalili yoyote inayokuambia. Ndiyo maana mtu anavua saa nzima kwenye kina kisicho chake akidhani samaki hawali. Dawa ni kuweka alama: chora mstari mdogo wa wino usiofutika kwenye uzi, mahali boya lilipobanwa, na ulitazame kila baada ya mirusho michache. Na usibane mahali palepale siku nzima. Ukiona uzi umepauka na kukunjika chini ya kijiti, sogeza nzi au boya, na mwisho wa siku kata kipande hicho ukitupe.

Kati ya povu na mbao, chukua povu. Mbao ikichubuka rangi inanyonya maji, na mrija unaanza kulegea ndani yake.

Nafasi ya pili: Oros, na hapa sifichi mapenzi

Kama unavua kutoka ukingoni, kina kisichozidi urefu wa fimbo, usipoteze muda kulinganisha. Nunua Oros. Ni duara la povu gumu lililogawanywa vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu, uzi ukipita kwenye mfereji katikati yao. Hakuna tundu la kupitisha uzi, kwa hiyo unalifunga na kulitoa bila kukata nzi. Uzi unalala umenyooka badala ya kukunjwa, na ukilitoa uzi unabaki mzima. Kubadilisha kina ni kulegeza nusu mzunguko, kusogeza, kukaza. Kwa vidole vilivyoganda asubuhi kwenye mita 3,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, jambo hilo lina uzito kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye paketi.

Linaelea juu sana ya maji, na hiyo ni faida kwenye upepo kwa sababu unaliona. Lakini pia linashikwa na upepo, hivyo ukitumia saizi kubwa bila sababu litamburuta nzi. Uzi wa 0.15 kaza hadi usikie limegota, kisha vuta kwa vidole kuhakikisha haliserereki. Kosa lake moja nimeshalisema: haliachii. Ukilipeleka kwenye mita 4 kosa ni lako, si la boya.

Nafasi ya tatu: Airlock

Wazo zuri. Uzi unaingia kwenye mwanya na kubanwa na nati ndogo ya plastiki, bila kukunjwa sana. Tatizo ni hiyo nati. Ikitoka vidoleni juu ya maji imekwenda, na boya limekwisha kazi. Ukilinunua, nunua na nati za akiba, na ulifunge ukiwa umeinamia ndani ya mashua. Pia haliachii.

Nafasi ya nne: Thingamabobber ya asili

Imeenea kila mahali, ni imara, inaelea vizuri kwa sababu ni puto la plastiki ngumu lililojaa hewa. Lakini aina ile ya asili inataka uzi upitishwe kwa kitanzi kwenye jicho lake na kukazwa, na kila ukiihamisha inaacha mkunjo mkali. Mikunjo mitatu kwenye uzi mmoja mwembamba ni sehemu tatu dhaifu, na uzi uliopinda hauzami ukiwa umenyooka, kwa hiyo boya linachelewa kuonyesha. Kwenye mto wenye uzi mnene sina ugomvi nayo. Ziwani naipita.

Manyoya ya kondoo kwenye kipande cha mrija, lami ya kubandika, stika za povu: bei nafuu, maji matulivu, kina cha mita moja na nusu, basi. Stika hazihamishiki.

Vitu vya kununua pamoja na boya

Boya zuri likifungwa kwenye uzi mbaya halina maana. Usitumie uzi wa mbele unaonenepa kuelekea kwenye mshipi, ule uzi mnene wa kurushia. Sehemu nene inazama polepole na kumning'iniza nzi kwa mshazari. Tumia florokaboni ya unene mmoja, 0.18 au 0.20, yaani 4X au 3X, urefu wa kina chako na mita moja zaidi. Kati ya boya na swiveli kusiwe na fundo hata moja, kwa sababu boya linaloteleza litasimama kwenye fundo hilo na umerudi kwenye tatizo la pete ya fimbo.

Swiveli ndogo nyeusi, namba 12 au 14, ifungwe sentimita 45 hadi 60 juu ya nzi. Inafanya kazi mbili: ni chubwi inayozamisha uzi, na ni kituo cha boya lisimfikie samaki usoni. Nzi mwenyewe mfunge kwa fundo la kitanzi kisichokaza, anyumbuke wima kama buluu wa kweli. Fundo la kubana linamlaza upande.

Kupima kina hakuhitaji mashine. Bana koleo dogo la kutolea ndoana kwenye nzi, lishushe pembeni mwa mashua hadi liguse tope na uzi unyooke. Funga boya kwenye uzi sentimita 30 chini ya uso wa maji. Ondoa koleo. Boya likielea, nzi atakuwa sentimita 30 juu ya tope, na huko ndiko trauti wanakopita wakila. Nusu saa bila mguso, panda sentimita 30 nyingine. Mashua ifungwe nanga mbili, mbele na nyuma. Kwa nanga moja inazunguka na upepo, na boya linaburutwa badala ya kukaa.

Wauzaji na bei

Hapa nina hasira, na sitaificha. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi bandia wanaouzwa Ulaya na Marekani. Mikono ya watu wetu inafunga ndoana namba 16 kwa usahihi ambao wavuvi wa huko wanautegemea. Lakini mtu huyohuyo akitaka boya la plastiki la kuvulia nzi wake, aagize ng'ambo, alipe usafiri uliozidi bei ya boya, kisha ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa hata juu ya huo usafiri. Wachache walioleta maboya wanauza paketi za mchanganyiko: saizi mbili unazohitaji na nne zitakazokaa sandukuni. Nalo jambo la maana kuliko yote, unene wa uzi ambao kijiti kimetengenezwa kuubana, halimo kwenye paketi. Wameandika rangi sita. Hawakuandika namba moja ya milimita.

Waulizeni kabla ya kutoa pesa. Ujumbe wa mstari mmoja unatosha: kijiti hiki kinabana uzi wa milimita ngapi, na mrija ni wa kumiminwa au wa kukatwa? Asiyejua aulize kwa anayemletea. Wakikosa wateja wawili watatu kwa sababu ya swali hilo, wataanza kuliandika.

Njia ya kupunguza gharama ni kuagiza pamoja, watu wanne au watano, mzigo mmoja. Kila mtu anahitaji maboya ya kijiti manne ya saizi ya kati, Oros mbili ndogo, paketi moja ya swiveli namba 14 na rola moja ya florokaboni 0.18. Zaidi ya hapo mnalipia usafiri wa vitu ambavyo havitaingia majini.