Kipimo cha OBD2 cha Bluetooth kwa gari linalozimazima

Karibuni tena. Leo nina haka kadude unakochomeka chini ya usukani, kwenye soketi ya matundu 16 ya OBD2 (mfumo wa gari wa kujikagua hitilafu), kisha unakasoma kwa simu. Nimekatumia wiki tatu kwenye gari lililokuwa linazima lenyewe barabarani. Mnaujua ugonjwa huo: ukimfikishia fundi, injini inatulia tuli, na fundi anakutazama kana kwamba mwenye hitilafu ni wewe.

Kwanza, lile tangazo la kwamba kinakuonyesha kifaa kilichokufa, lipuuzeni. Siku tano za mwanzo gari lilizima mara mbili na hakikunipa msimbo wowote wa hitilafu. Taa ya injini haikuwaka. Nilikuwa karibu kukirudisha.

Kilichoniokoa ni grafu. Chagua vitu vichache tu, mimi niliweka mizunguko ya injini, volti na joto la maji, kwa sababu ukirundika vingi usomaji unakuwa wa kusuasua na tukio lenyewe linakupita. Halafu rekodi safari nzima. Simu ashike abiria, tafadhali. Injini ikizima usukani unakuwa mzito na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, si wakati wa kutazama grafu.

Sasa angalieni hapa. Gari ni la gia za mkono, liko kwenye gia ya tatu, klachi sijaikanyaga. Magurudumu yanaizungusha injini, hilo halina ubishi. Lakini tazama mstari wa mizunguko: kutoka 2,000 kwa dakika umeanguka hadi sifuri papo hapo. Yaani injini inazunguka, kompyuta haioni! Na isipoona mzunguko, inakata moto wa plagi na mafuta. Hapo nikaanza kuishuku sensa ya krankishafti, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Siku iliyofuata msimbo P0335 ukajitokeza wenyewe.

Msimbo huo unahusu njia nzima ya sensa, pamoja na waya na soketi yake, kwa hiyo usikimbilie dukani. Mimi nilikagua waya, zilikuwa nzima. Sensa yenyewe ndiyo ilikuwa inakata ikipata joto, ikipoa inarudi kazini kama mtoto aliyetoroka shule. Nimeibadilisha, halijazima tena.

Ingekuwa mafuta, picha ingekuwa nyingine: gari linakwamakwama, linakosa nguvu, mizunguko inashuka kwa kusitasita. Na hapo ndipo kadude haka kanaponiangusha. Presha ya mafuta magari mengi hayaipeleki kwenye soketi hii, kwa hiyo kuipima pampu ya mafuta bado unahitaji geji ya presha. Kama lako linazima ukisimama tu, injini ikiwa haijakanyagwa mafuta, anza kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini) kabla ya kununua chochote.

Programu iliyokuja nacho ni mbovu, inaganda ovyo, nilitafuta nyingine. Kitufe cha kufuta misimbo wamekiweka pakubwa mno. Usikiguse kabla hujapiga picha ya skrini, kwa maana kinafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, na fundi wako atabaki gizani.

Mimi nakibakiza kwenye gari. Ila si kwenye soketi: nilikiacha kimechomekwa siku nne gari likiwa limeegeshwa, asubuhi ya tano betri ikagoma.