Miaka miwili na VRM ya Victron katika kiwanda cha barafu

Kiwanda ninachokisimamia hutengeneza barafu na kuhifadhi samaki wa wavuvi wa pwani ya kusini ya Kenya. Umeme ukikatika kwa saa chache tu, nguru na pweza waliofika asubuhi wakiwa wazima hushuka bei kabla ya lori kuondoka. Juu ya mabati tuna paneli 48 za wati 450, nusu zikitazama mashariki na nusu magharibi, zinazolisha vidhibiti chaji vinne aina ya SmartSolar 250/100, yaani vifaa vinavyoongoza umeme wa paneli kuingia kwenye betri. Chini yake ziko inveta tatu za Quattro, zinazogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mashine, moja kwa kila fezi, betri za lithiamu za volti 48, na jenereta ya dizeli ya akiba. Vifaa hivyo vyote vinaripoti kwa kisanduku kidogo kiitwacho Cerbo GX, nacho hupeleka taarifa kwenye VRM, programu ya mtandaoni ya kufuatilia mtambo wa umeme kwa mbali, ya kampuni ya Uholanzi ya Victron Energy. Ni VRM hiyo ninayotaka kuitathmini hapa, kwa kuwa nimeifungua karibu kila siku kwa miaka miwili.

Nianze na gharama, maana ndilo swali la kwanza la kila mwenye kiwanda aliyenitembelea. VRM haina ada ya mwezi wala ya mwaka. Unanunua kisanduku mara moja, unakipa intaneti, basi. Router yetu ya laini ya simu hutumia bando dogo mno, ingawa ukiamua taarifa zitumwe kila dakika badala ya kila dakika 15 kama inavyokuja kutoka kiwandani, matumizi hupanda. Mimi nilichagua kila dakika. Dakika 15 zinamtosha mwenye nyumba ya mapumziko, lakini kompresa ya barafu inaweza kuwaka, kukwama na kuzimika ndani ya muda huo bila grafu kuonyesha lolote.

Ukurasa wa kwanza unaonyesha mchoro wa umeme unavyotembea kutoka paneli hadi betri, kutoka gridi hadi mashine, na hata asiye fundi huuelewa kwa kuutazama. Unafaa kumwonyesha mgeni. Kazi yenyewe ya usimamizi iko kwenye ukurasa wa uchambuzi wa kina, ambako unajichagulia vipimo vya kila kifaa na kuvipanga kwa tarehe unazotaka, kisha ukipenda unavipakua kwenye jedwali.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ni wa mwaka wa kwanza. Mapema kabisa nilikuwa nimevipa vidhibiti vinne majina ya Kiswahili, Mashariki 1, Mashariki 2, Magharibi 1 na Magharibi 2, badala ya kuviacha na namba zake za kiwandani. Alasiri moja, saa nane, wakati paa la magharibi hufanya kazi kwa nguvu zaidi, Magharibi 1 ilikuwa ikitoa kilowati 4.2 na jirani yake Magharibi 2 ikitoa 2.8 tu. Vyote viwili vina paneli 12 za aina moja, kwenye paa moja, chini ya jua moja, kwa hiyo wingu halikuwa na lawama. Nilifungua volti nikakuta ziko sawa pande zote mbili, karibu 150. Hapo jibu lilikuwa limeshajitokeza: kila kidhibiti kina stringi tatu, yaani mistari mitatu ya paneli nne nne, na volti zikibaki palepale huku nguvu ikipungua kwa theluthi moja kamili, basi mstari mmoja umekatika. Tulipanda juu na fundi, tukaikuta soketi ya kiunganishi imeyeyuka na kuwa nyeusi. Waliotufungia mtambo walikuwa wamechomeka kiunganishi cha kampuni moja ndani ya cha kampuni nyingine, kwa sababu vilionekana kuingiana, na joto la mguso mbaya likafanya lililobaki.

VRM haikuniambia kwamba kiunganishi kimeyeyuka, wala haingeweza. Vidhibiti vya aina hii hupima jumla ya stringi zake zote kwa pamoja, kwa hiyo programu haioni paneli mojamoja. Anayetaka kuona zaidi anunue kidhibiti chenye mikondo iliyotengwa, yaani njia za kuingizia paneli zinazopimwa kila moja kivyake, kama RS 450/200 ambayo ina minne na VRM huonyesha kila mmoja peke yake. Kwa mtambo wa ukubwa wetu, kulinganisha majirani wawili wanaofanana kumetosha, na ningemshauri yeyote anayejenga sasa agawe paneli zake kwa mafungu yanayolingana, hata kama hesabu ya fundi inaruhusu vinginevyo, ili apate cha kulinganishia.

Kwa upande wa uchafu mambo si mepesi hivyo. Wakati wa kusi upepo huleta chumvi ya bahari juu ya paneli, na kunguru wetu wa pwani hawahitaji msimu. Uchafu huo hupunguza uzalishaji polepole na kwa paa zote pamoja, kwa hiyo majirani hushuka wote na kulinganisha hakusaidii. VRM hutoa makadirio ya uzalishaji wa jua wa siku inayofuata, nami huyatumia kupanga saa za kuwasha mashine ya pili ya barafu, lakini makadirio hayo hayatenganishi wingu na vumbi. Ili kutenganisha unahitaji kipimo cha mwanga wa jua kilichofungwa kwenye paa lenyewe, na Cerbo inakubali baadhi ya vipimo hivyo. Sisi hatujanunua. Tunaosha kwa kalenda, kabla ya jua kupanda, kwa maji ya mvua tuliyoyavuna, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na yakikauka huacha madoa meupe.

Arifa ndizo zinazoniweka usingizini kwa amani, japo zilinichukua muda kuzizoesha. Unaweza kuweka kiwango cha juu na cha chini kwa karibu kila kipimo, pamoja na muda wa kusubiri kabla ya arifa kutumwa. Tulifunga vihisi vya joto vya waya ndani ya ghala. Wiki ya kwanza niliweka kiwango bila muda wa kusubiri, na kila mara mashine ilipoyeyusha barafu kwenye feni zake, joto lilipanda kidogo na barua pepe zikamiminika usiku kucha hadi nikaacha kuzisoma, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na arifa kabisa. Nilipoongeza dakika 40 za kusubiri, zikabaki zile za kweli. Iko pia arifa inayokujulisha kwamba kisanduku kimenyamaza, na hiyo ndiyo ya kwanza kuiwasha, kwa kuwa mtambo usiotuma taarifa huonekana kwenye kioo kama mtambo usio na tatizo.

Kunyamaza huko kulitupata Idi moja, bando lilipokwisha na kila mtu akadhani mwenzake amelipia. Cerbo huhifadhi taarifa za takriban saa 48 ndani yake na kuzituma intaneti ikirudi, lakini sisi tulikaa siku nne, na sehemu ya grafu ya wiki ile ni nyeupe mpaka leo. Kadi ndogo ya kumbukumbu, ya bei ya kilo mbili za tasi, ingeziokoa zote. Sasa imo.

Neno la matengenezo ndilo ninalolitilia shaka VRM inaposifiwa. Kutoka mezani kwangu naweza kubadilisha mipangilio ya inveta, kuweka programu mpya kwenye vifaa, kuruhusu jenereta ijiwashe betri ikishuka, na kumpa fundi wa nje ruhusa ya ngazi yake bila kumkabidhi funguo zote. Hiyo ni nafuu kubwa, hasa fundi akiwa Mombasa na barabara ikiwa na maji. Hata hivyo, hakuna mahali pa kuandika kwamba kazi fulani imeagizwa, nani ameipokea, kipuri gani kimetumika na lini ikaguliwe tena. Kwa hayo tuna daftari la jalada gumu linaloning'inia karibu na mlango wa chumba cha betri, na kila arifa ya kweli hupewa mstari wake humo. Mwenye mitambo kumi au ishirini hatafika mbali kwa daftari. Atahitaji programu nyingine ya kazi za ukarabati juu ya hii.

Jambo la mwisho, ambalo ningependa ningeambiwa siku ya kwanza, ni akaunti. Waliotufungia mtambo waliusajili kwa barua pepe yao, wakatupa sisi ruhusa ya kutazama tu. Tulipoachana nao baada ya kisa cha kiunganishi, tulipiga simu kwa wiki tatu tukiomba tufanywe wasimamizi wa mtambo wetu wenyewe. Kabla ya kulipa salio la mwisho, fungua VRM mbele ya fundi, nenda kwenye orodha ya watumiaji, na uhakikishe jina lako lina neno la msimamizi pembeni yake.